Kufuli Halikuvunjwa

Wewe uliyewahi kukaa hosteli, hebu kumbuka ni mara ngapi ulifua jinzi halafu ukakaa chini ya kamba na kitabu mkononi mpaka ikauke. Mwenzenu nilifanya hivyo miaka mitatu. Ukiinuka tu kwenda kunywa maji, ukirudi unakuta vibanio. Siku nyingine hata vibanio huvikuti.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu mpwa wangu anaanza chuo mwaka huu, kule kwetu Mtwara. Juzi kanipigia simu: "Mama mdogo, ninunue kufuli la aina gani?" Swali la dakika moja. Nikamwambia nitampigia baadaye, kisha nikabaki na simu mkononi kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. Maana habari za kufuli mimi ninazo, ila kwa miaka mingi nimekuwa nikizisimulia nusu.

Mwaka 2009 nilipata nafasi ya kusoma mawasiliano ya umma kwenye chuo kimoja jijini Dar es Salaam. Baba, karani mstaafu wa bandari ya Mtwara, alinipa vitu viwili. Cha kwanza kompyuta mpakato, Dell ya mtumba, shilingi laki sita na nusu. Hizo zilikuwa hela za korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulikuwa umeanza Mtwara msimu wa 2007/08: unapeleka korosho zako chama cha msingi, unalipwa sehemu, halafu unasubiri mnada umalizike ndipo upate malipo ya pili. Nyumbani malipo ya pili yalisubiriwa kama Idi. Mwaka ule hayakununua bati wala kitanda. Yalikwenda yote kwenye kompyuta yangu, na mama akaendelea kutega sufuria sebuleni kila mvua ikinyesha.

Cha pili kilikuwa tranka la bati na kufuli lake, zito, la rangi ya shaba, lenye funguo tatu kwenye waya mmoja. Baba akaniambia jambo alilolitoa bandarini: mzigo usio na alama ni wa kila mtu. Akaazima rangi ya kucha ya dada, nyekundu, akachomoa betri ya ile kompyuta na kuandika chini yake herufi za majina yangu na mwaka. Nilicheka. Dada alinuna, chupa yenyewe ilikuwa mpya.

Miaka ile kipande cha barabara kati ya Somanga na Ndundu kilikuwa bado hakina lami. Basi lilirushwa na mashimo saa nzima na mimi nimeipakata kompyuta kama kichanga.

Chumba kilikuwa cha watu wanne, tukalala sita. Waliosoma vyuo vya Dar wakati huo wanalijua neno kubeba: mwenye kitanda anamgawia nusu mwenzake aliyekosa chumba. Mimi nilimbeba binti mmoja wa ualimu kutoka Kilambo, kule kwenye Mto Ruvuma, ukivuka tu uko Msumbiji. Majina yetu yalikuwa mamoja, kwa hiyo tukaitana Somo, na mpaka leo sina jina jingine la kumwita. Mtu wa kwenu ukiwa ugenini ni ndugu. Tulilala mzungu wa nne, kichwa changu kwenye miguu yake na chake kwenye yangu, na wala sikumbuki kama tuliwahi kugombea shuka. Alikuwa anauza korosho alizotumiwa kutoka nyumbani, anazifunga kwenye vipakiti vya mia tano. Korido nzima ilizitafuna.

Sasa, wizi wa hosteli una ratiba yake kama vipindi. Unapamba moto boom likitoka. Bodi ya Mikopo wakati wetu ilikuwa inatupa shilingi 5,000 kwa siku za chakula na malazi, lakini hazikuja kila siku, zilikuja kwa mkupuo, na siku zikiingia mji mzima unajua. Unapamba moto tena wiki ya mitihani, watu wanapolala kama magogo. Na mwezi wa kwanza wa mwaka wa masomo ndio mavuno makubwa, kwa sababu hakuna anayejua nani ni nani. Unapishana ngazini na kijana nadhifu mwenye begi na faili, "mambo vipi," "poa," kumbe ndani ya begi mna redio yako.

Waliokaa chumba cha chini wanajua kuvuliwa. Usiku mtu anapitisha fimbo ndefu yenye ndoano kati ya nondo za dirisha, anavua suruali, mkoba, simu iliyo kwenye chaji. Mwenzetu mmoja aliamka akaona shuka lake linatembea. Ndoo tuliziandika majina kwa kisu cha moto, na bado ziliondoka. Kandambili ukizivua mlangoni mwa bafu umezitoa sadaka. Na pamoja na uangalifu wote huo, jamani, ufunguo wa chumba chetu ulikaa juu ya fremu ya mlango, mahali pa siri palipojulikana na kila mtu kuanzia ghorofa ya kwanza mpaka ya mwisho. Tulikuwa sita na ufunguo mmoja, tungefanyaje?

Ndiyo maana kufuli la tranka lilikuwa kila kitu. Na funguo zake tatu niliziweka hivi. Mmoja ulining'inia shingoni mwangu kwa uzi. Mmoja niliuacha Mtwara kwa mama, ndivyo baba alivyotaka. Wa tatu nilimpa mchumba wangu.

Alikuwa mwaka wa tatu, mtanashati, anajua kuongea, na alikuwa anaandika utafiti wake bila kompyuta. Mimi nikiwa kipindi cha mchana, yeye anapanda, anafungua tranka, anachapa kurasa zake, anairudisha. Wenzangu walikuwa wanapeana kadi na maua ya plastiki. Mimi nilitoa ufunguo. Nilijiona nimekomaa kimapenzi kuliko chumba kizima.

Jumanne moja ya Januari 2010 nilirudi saa kumi jioni. Kufuli lilikuwa mahali pake, limefungwa, zima, halina hata mkwaruzo. Nikafungua. Nguo zilikuwepo, vyeti vilikuwepo, hata noti ya elfu kumi niliyoificha ndani ya kamusi ilikuwepo. Kompyuta hakuna.

Msomaji mwenye akili timamu jibu ameshalipata. Mimi sikuwa na akili timamu, nilikuwa nimependa.

Wa kwanza kumpigia simu alikuwa yeye. Alifika mbio, jasho linamtoka. Akashika kufuli, akachungulia dirisha, akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya upole kabisa: "Huyu ni mtu wa humu ndani." Chumba kikanyamaza. Halafu macho yote yakaenda sehemu moja.

Kwa nini yeye? Nimejiuliza sana. Hakuwa na kitanda chake, na anayebebwa hata akikaa mwaka mzima ni mgeni tu. Alikuwa na hela kidogo kuliko sisi, na tuliona ajabu kuwa halalamiki. Alikuwa mtu wa mpakani, na Dar kuna watu wanaodhani mpakani kila kitu kinavuka. Mimi wa Mtwara mjini, ambaye ningetakiwa kuwajibu hao watu, sikusema neno. Mbaya zaidi, nilikuwa na ushahidi wangu kichwani: ufunguo uko shingoni mwangu usiku kucha, na anayelala nami kitanda kimoja ni mmoja tu.

Tulimpekua. Nasema tulimpekua, lakini mkono uliofungua zipu ulikuwa wangu. Lilikuwa begi la Kichina, lile la mistari ya bluu na nyekundu. Kanga mbili, unga wa muhogo, picha ya mama yake ndani ya mfuko wa plastiki. Chini kabisa soksi, na ndani ya soksi shilingi 85,000. Mtu mmoja akaguna.

"Hela ya korosho," Somo akasema. Akatuangalia mmoja mmoja. "Nani humu hajanunua korosho zangu?"

Wote tulikuwa tumenunua. Hakuna aliyejibu.

Kesho yake nilikwenda polisi kuchukua RB. Askari aliniuliza namba ya kompyuta, ile inayoandikwa chini. Sikuwa nayo. Risiti? Ya mtumba, sikupewa. Alama yoyote? Nikamweleza rangi ya kucha, akaandika, nadhani alitabasamu. Nikarudi chuoni na kipande changu cha karatasi chenye namba, na namba yenyewe haikunirudishia kitu siku ile.

Mwenzetu mmoja akasema mjomba wake anasoma Halbadiri. Kama hukukulia pwani nikwambie tu kwamba ni kisomo kinachotaja watu wa vita vya Badri, na mwizi wa kwetu anaweza asiogope polisi, lakini hicho anakiogopa. Mara nyingi hakifiki hata kusomwa. Tangazo tu linatosha, kitu kinarudi usiku kinawekwa mlangoni. Tukabandika karatasi: aliyechukua kompyuta arudishe kabla ya Ijumaa. Somo aliisoma ile karatasi akiwa na ndoo yake ya maji mkononi. Akasema neno moja.

"Someni."

Alhamisi asubuhi akahama. Unaweza kufikiri tulivyolichukua hilo.

Nashukuru kitu kimoja tu katika habari ile, kwamba hakuna aliyepaza sauti akaita mwizi. Dar es Salaam neno hilo likitoka dirishani ghorofa ya pili, likifika chini limeshapata mawe na tairi. Wakati ule sikuliwaza. Naliwaza sasa, na huwa ni usiku.

Miezi minane baadaye nilikwenda kuchapisha kazi kwenye steshenari moja karibu na Ubungo. Kijana wa mle ndani alikuwa anatumia Dell yenye ufa mdogo kwenye kona na kitufe cha N kilichofutika. Moyo ulinipasuka. Nikamwomba aizime, nikaigeuza, nikachomoa betri. Rangi ya kucha ya dada ilikuwa inang'aa kama imepakwa jana.

Kijana hakushtuka hata kidogo. "Si uliiuza wewe mwenyewe? Shemeji alisema umempa auze, mna matatizo ya ada." Akatoa daftari, akanionyesha tarehe na saini. Maskini, alimwita shemeji, na mimi nilikuwa nimewahi kwenda pale na huyo shemeji tumeshikana mikono. Sheria yetu inamwangalia hata anayenunua akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kuwa mali ni ya wizi. Sababu ya kushuku kijana yule aliikosa, kwa sababu sura zetu mimi na mchumba zilikuwa risiti yake.

Mchumba nilipomfuata hakukana. Alisema alikuwa na shida, alikuwa na mpango wa kuirudisha, halafu akasema kitu ambacho sijakisahau: "Si tunaelekea kuoana? Changu chako, chako changu." Kompyuta niliipata baada ya yeye kumrudishia kijana hela zake. Na yeye nikamwacha. Vyote viwili vilikwisha wiki moja.

Hapo ndipo huwa naishia nikisimulia. Kwenye harusi, kwenye kitchen party, ofisini, kisa cha mchumba mwizi wa kompyuta kinachekesha sana, na rangi ya kucha inawamaliza watu. Mume wangu amekisikia mara kumi. Somo hayumo.

Kwa Somo nilituma meseji mwaka uleule wa 2010. Niliandika kwamba nimeipata, kwamba hakuwa yeye, kwamba anisamehe. Iliingia kwenye meseji moja na herufi zikabaki. Hakujibu. Nikajiambia nimeshafanya wajibu wangu. Miaka kumi na minne nilijiambia hivyo.

Agosti 2024 nilikuwa Mtwara kwenye arobaini ya shangazi. Mama, bila kujua lolote, akaniambia: "Yule somo wako yuko Kilambo, mwalimu, watu wanamsifu." Usiku ule sikulala. Asubuhi nikapanda Hiace.

Agosti mikorosho inakuwa kwenye maua, na njia nzima inanukia ile harufu tamu kidogo, kali kidogo, ambayo Dar huipati hata ukinunua. Baada ya mikorosho ni minazi, baada ya minazi mashamba ya mpunga, halafu nchi inaisha. Kilambo ni forodha na uhamiaji, maduka, mama ntilie, watu waliokaa juu ya mizigo yao wakisubiri maji ya mto yajae ili pantoni liweze kuvuka. Nilimkuta nje ya nyumba yake anachambua mchele kwenye ungo. Miwani, mwili umeongezeka kidogo, kucheka kulekule kwa kufunika mdomo, ila hakucheka.

"Karibu, dada," akasema.

Dada, si Somo. Nikakaa kwenye kigoda nilichopewa.

Alikuwa na zamu mchana ule, na badala ya kunifukuza au kunisikiliza akanichukua nifuatane naye. Alikuwa anapita kwenye mageto. Tangu shule za kata zilipojengwa kwa wingi katikati ya miaka ya 2000, watoto wengi wa vijijini wanasoma mbali na kwao kuliko wanavyoweza kutembea kila siku, na pasipo na bweni la kutosha wanapanga chumba karibu na shule. Hilo ndilo geto. Wengine wana miaka 14. Ijumaa wanakwenda kwao, Jumapili wanarudi na unga, mchele, muhogo, dagaa, vitu vya wiki nzima. Mali yao yote inaliwa, na mwizi wao naye anakula. Mtoto akiibiwa unga Jumatatu, mpaka Ijumaa analala na njaa, au anatafuta wa kumpa chakula. Wasichana wanaotafuta wa kuwapa chakula hatukuongea habari zao sana, lakini Somo alisema ndiyo sababu yeye yuko kwenye mageto na si kitandani kwake amepumzika.

Binti mmoja wa kidato cha pili alinionyesha ndoo yake ya unga. Alikuwa ameusawazisha halafu akakandamiza kiganja chake katikati, alama ya vidole vitano. Mtu akichota, kiganja kinaharibika.

"Na mwizi akikandamiza cha kwake?" nikamuuliza.

Akanyoosha mkono nione. "Kidole changu hiki kimepinda, mama."

Nilijikuta nacheka, na Somo naye akacheka, mara ya kwanza siku ile.

Nikamuuliza kitu kikipotea wanafanyaje. Akasema mageto anayoyalea yeye hapekuliwi mtu. Anaweka ndoo yenye mfuniko jikoni kwa mama mwenye nyumba. Kila mmoja anaingia peke yake na mkoba wake, anafunga mlango, anahesabu mpaka hamsini, anatoka. Mwalimu naye anaingia. Baada ya wote, mama mwenye nyumba anafunua ndoo.

"Na kinakuwemo?"

"Mara mojamoja. Si kila mara." Akafikiri kidogo. "Lakini kesho yake wote wanakuja shule."

Tuliporudi kwake alichukua tena ungo. Nikaona nisiposema sasa nitapanda Hiace nimelibeba tena. Nikasema. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Mtwara, yote yakapotea, nikabaki nasema nilifungua begi lako, nilifungua begi lako.

Aliendelea kuchambua mchele. Halafu akasema, "Nilijua tangu siku ileile."

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Kufuli halikuvunjwa, dada. Funguo zilikuwa tatu, na mimi sikuwa hata na mmoja."

Nikamwambia nilichokuwa nawaza wakati ule, habari ya ufunguo wa shingoni. Akaniangalia juu ya miwani. "Tulikuwa tunalala mzungu wa nne. Shingo yako ilikuwa miguuni kwangu. Ningeuvua kwa vidole vya miguu?"

Jamani. Miaka kumi na minne hilo halikuwahi kunijia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungemwacha yeye au ungeniacha mimi?"

Sikumjibu, na hakungoja jibu. Nikamuuliza habari ya Alhamisi, kwa nini alihama kabla ya kisomo. Akasema shangazi yake wa Mbagala alikuwa amepata lifti ya lori la mkaa linalopita karibu na chuo siku ile, na kwa mtu mwenye begi, godoro dogo na gunia la korosho lifti ya bure haichagui siku. Basi. Sisi chumba kizima tulisoma hukumu ya Mungu kwenye lori la mkaa.

Kutoka Mbagala mpaka chuoni zilikuwa daladala mbili na foleni. Vipindi vya asubuhi alivikosa mpaka mwaka ukaisha, akapata sapu mbili, korosho zikakosa wanunuzi kwa sababu habari ilishazunguka hosteli. Meseji yangu? Aliipata. Alikuwa kwenye daladala, amesimama, akaisoma, akaifuta. Haya yote aliyasema bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma mahudhurio. Hakusema amenisamehe na mimi sikuomba mara ya pili. Hiace ya mwisho ilipopiga honi alinipa kipakiti cha korosho. Nikafungua mkoba. "Hiyo ni ya mama," akasema, "mpelekee."

Mpwa wangu nilimpigia usiku uleule aliponiuliza. Nilimwambia asiumize kichwa na kufuli, achukue zito lisilokatika kwa nondo, na macho yake ayaweke kwenye misumari ya komeo, kwa sababu wezi wengi hawahangaiki na kufuli, wanang'oa komeo lenyewe. Nikamwambia abonyeze *#06# kwenye simu, namba itakayotokea aiandike mahali nje ya simu, na namba ya chini ya kompyuta aipige picha anitumie mimi. Tangu mfumo wa TCRA wa kuzitambua simu kwa namba hizo ulipoanza, simu iliyoibiwa inaweza kufungiwa, lakini mwenyewe uwe nayo namba. Ripoti ya kupotelewa na mali siku hizi inajazwa hata kwenye mtandao wa polisi. Namba ya siri ya pesa za simu isiandikwe nyuma ya simu, maana bado kuna watu wanafanya hivyo, mmoja yupo ofisini kwangu. Na rangi ya kucha anunue, nyekundu.

"Na ufunguo wa akiba nimpe nani?"

Hapo nikasita. Nyinyi mnaosoma ukurasa huu wengi mna mtu, au mnatafuta. Kwangu mimi na mume wangu tuna akaunti moja ya nyumba, na kila mmoja ana droo yake na ufunguo wake. Rafiki zangu wananiona mchoyo. Mume wangu anazo hela zangu kila mwezi, nazitoa mwenyewe kwa mkono wangu. Droo ni kitu kingine. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni kitu kingine kabisa. Nikamwambia ufunguo wa akiba auache kwa bibi yake, kama mimi nilivyofanya na mmoja, na kama kuna kijana anayehitaji kompyuta, wachape wote wakiwa wamekaa hapo. Akacheka, akasema, "Mama mdogo, kuna kijana gani?" Kwa jinsi alivyocheka, yupo.

Kitu kingine nilichomwambia ni kwamba siku kitu kitakapopotea, na kitapotea, ahesabu funguo kabla hajahesabu watu.

Somo, baada ya ile safari, alikaa kimya wiki tatu. Kisha usiku mmoja simu ikatoa mlio. Namba sikuwa nayo.

"Somo, huko Kariakoo makufuli dazeni bei gani?"

Nilinunua dazeni mbili, nikazituma kwa basi la Mtwara. Yakafika, akanijibu siku ya pili yake. Wasichana wamegawiwa, kila mmoja ana wake, wamefurahi. Kila kufuli lilikuja na funguo tatu: mmoja anao mwenyewe, mmoja umekwenda kwa mama yake. Za tatu zote zimo kabatini kwa mwalimu, ndani ya bahasha zenye majina.

"Na ufunguo wa kabati," akaandika, "usiniulize."